Jinsi Mtoto Njiti Anavyojifunza Kunyonya

Watu wengi hudhani kwamba kila mtoto huzaliwa akijua kunyonya. Dhana hiyo aghalabu ni kweli kwa mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni. Kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia, mambo ni tofauti. Huweza kuwa na njaa, na maziwa ya mama yakawa tele, lakini asiweze kuyanywa bila ya kuhatarisha maisha yake.

Kazi tatu kwa pamoja

Nyuma ya kinywa, hewa na chakula hupita mahali pamoja kabla ya njia kugawanyika: hewa huelekea mapafuni na chakula hushuka katika umio. Kila mtu anapomeza, mlango wa njia ya hewa hujifunga na pumzi husita. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili kwa kumeza mate huku akijaribu kuvuta pumzi, hataweza. Mtoto anyonyaye maziwa hufyonza takriban mara moja kwa kila sekunde, hivyo hana budi kupanga kufyonza, kumeza na kupumua pasipo kimoja kukizuia kingine. Mpango huo huongozwa na shina la ubongo.

Uwezo huo hukomaa hatua kwa hatua. Mtoto huanza kumeza maji yanayomzunguka angali tumboni, hata kabla ya nusu ya ujauzito. Lakini kazi zote tatu huanza kupatana vizuri katika wiki ya 32 hadi ya 34, na huendelea kuimarika baadaye. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 29 hulishwa maziwa ya mama kwa mrija mwembamba upitao puani au mdomoni hadi tumboni.

Madhara ya kulazimisha

Mrija huokoa maisha, lakini haumfundishi mtoto kula. Aidha, mtoto anayetiwa mirija na kufyonzwa makamasi kila mara huweza kujifunza kwamba kila kinachogusa uso wake huleta maumivu. Akimiminiwa maziwa kinywani kwa nguvu, hupaliwa. Maziwa huweza kuingia mapafuni, na mapigo ya moyo kupungua. Baada ya mambo hayo kurudiwa, mtoto hugeuza uso na kulia mara aonapo chakula. Woga huo huweza kubaki hata baada ya ugonjwa kupona, na jamaa wakauita ukaidi.

Kumfundisha kwa upole

Mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, Kolombia, alianzisha malezi ya kangaruu: mtoto hufungwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Hapo hupata joto, na pia huizoea harufu ya titi. Wakati maziwa yanapopita katika mrija, mtoto huachwa alilambe au alinyonye titi lililokwisha kukamuliwa. Hivyo hujifunza kwamba kushiba huanzia mdomoni. Uchunguzi umeonyesha kwamba zoezi la kunyonya pasipo maziwa humsaidia mtoto kuacha mrija mapema zaidi. Baadaye huweza kupewa kikombe kidogo, ambacho hugusishwa mdomo tu ili alambe mwenyewe, maziwa hayamiminwi.

Faida ya malezi hayo si kula tu. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Katika siku 28 za mwanzo, walikufa asilimia 12 ya walioanzishiwa malezi ya kangaruu mara tu walipozaliwa, na asilimia 15.7 ya walioanzishiwa baada ya hali yao kutulia.

Mtoto mwenyewe hutoa ishara. Anapoamka, kupeleka mkono mdomoni na kutafuta titi, yu tayari. Anapotanua vidole, kukunja uso au kugeuza kichwa, amechoka. Alishaye na asite mpaka pumzi irudi sawasawa. Midomo au ulimi ukigeuka rangi ya buluu, ni hatari, na msaada wa mganga hutakiwa mara moja.

Jamaa wanaomwona mtoto amekonda hutamani kumwona akimaliza kikombe. Hata hivyo, maziwa machache yaliyonywewa kwa utulivu humjengea mtoto hamu ya mlo ufuatao, ambayo haijengwi kwa kikombe kizima alichonyweshwa kwa nguvu.