Je, Wajua? Kutazama ni Bure

Je, wajua kwamba zamani mjini Paris mtu akiingia dukani alihesabiwa kuwa amekuja kununua, na kutoka mikono mitupu ilikuwa aibu? Bei hazikuandikwa popote. Muuzaji alikuangalia kuanzia kofia hadi viatu, akataja kiasi alichoona mfuko wako unabeba, mkaanza kuvutana. Anayetajwa zaidi kuwa aliivunja desturi hiyo ni Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia katika duka la Le Bon Marché mwaka 1852. Alibandika bei kwenye bidhaa, akawaachia watu waingie, wazunguke, washike vitambaa na waondoke zao bila kuulizwa. Asiyeridhika na alichonunua alikirudisha. Waliokuja kutazama tu leo, kesho walirudi na pesa. Duka hilo lipo hadi sasa kwenye rue de Sèvres, na kwa mgeni ambaye bajeti yake imeishia kwenye hoteli, ni mahali pazuri pa kupoteza saa mbili tatu.

Wafaransa wasijisifu sana, lakini. Mwaka 1673, miaka zaidi ya 170 kabla ya Boucicaut, mfanyabiashara Mitsui Takatoshi alifungua duka la vitambaa vya kimono liitwalo Echigoya katika mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo. Wenzake walipeleka mali majumbani kwa wakubwa, wakakopesha, wakasubiri kulipwa, na gharama ya kusubiri wakaitia kwenye bei. Yeye aliuza hapo hapo dukani, taslimu, bei moja kwa tajiri na maskini, na alikubali kukukatia kipande unachokitaka badala ya kukulazimisha uchukue jora zima. Echigoya ndilo lililozaa Mitsukoshi, ambalo bado linauza pale pale mtaa wa Nihonbashi.

Kariakoo, kama tujuavyo, habari za Boucicaut na Mitsui hazijawafikia wote. Pale "hiyo ndiyo bei ya mwisho" ni salamu tu, mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza.

Je, wajua kwamba kuna rubani aliyetua na ndege juu ya paa la duka? Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Galeries Lafayette ya Paris iliahidi faranga 25,000 kwa yeyote atakayeweza. Januari 19, 1919, Jules Védrines akajaribu. Alitua, ndege ikaharibika, naye akaumia. Polisi wakamtoza faini ya faranga 16. Hesabu ya faida na hasara mtafanya wenyewe. Miezi mitatu baadaye Védrines alifariki kwa ajali ya ndege nyingine, akiwa safarini kwenda Roma. Paa la duka siku hizi liko wazi kwa umma bila kiingilio, na ukiwa juu unauona mnara wa Eiffel bila kupanga foleni ya Eiffel.

London nako, Gordon Selfridge, Mmarekani aliyefungua duka lake Oxford Street mwaka 1909, aliinasa ndege akiwa chini. Julai mwaka huo huo Louis Blériot aliruka kutoka Ufaransa hadi Uingereza juu ya mlango wa bahari, mtu wa kwanza kufanya hivyo kwa ndege yenye injini. Selfridge hakuchelewa: ndege yenyewe ikawekwa dukani kwake, watu wakafurika kuitazama. Mwaka 1925 alimwalika John Logie Baird aonyeshe mashine yake mpya mbele ya wateja. Mashine hiyo ilikuwa televisheni.

Na ngazi za umeme? Harrods, pale Knightsbridge, walifunga za kwao mwaka 1898, za kwanza Uingereza: mkanda wa ngozi unaopanda wenyewe. Waliofika juu wakihema walipewa konyaki watulize moyo. Leo hata mtoto wa chekechea anapanda akicheza, na konyaki hakuna.

Lakini habari ya Harrods inayotuhusu sisi huku ni ya simba. Hadi miaka ya sabini duka hilo liliuza wanyama wa porini, na mwaka 1969 vijana wawili wa Australia, John Rendall na Anthony "Ace" Bourke, walinunua humo mtoto wa simba kwa gini 250. Wakamwita Christian. Wakaishi naye Chelsea, kwenye duka la fanicha la King's Road, na mchungaji mmoja akawaruhusu wamwachie acheze mpira kwenye uwanja wa makaburi ya kanisa. Haikuchukua muda simba akaanza kuwa simba. Hapo bahati ikaingia mlangoni: Bill Travers na Virginia McKenna, waigizaji wa filamu ya "Born Free", walifika dukani humo, wakamwona, na kupitia kwao Christian akapelekwa Kenya mwaka 1970, kwa George Adamson huko Kora, karibu na Mto Tana.

Fikiria safari hiyo. Mnyama aliyezaliwa kwenye bustani ya wanyama Uingereza, akauzwa kaunta moja na kasuku na vitoto vya paka, anashushwa kwenye nyika ambayo baba yake hakuwahi kuiona. Adamson alimfundisha maisha ya porini pole pole, pamoja na simba wengine. Mwaka 1971 wale vijana wawili walirudi kumsalimia, huku hawana hakika kama atawatambua. Aliwatambua, akawarukia mabegani, akawakumbatia. Kamera ilikuwepo. Filamu ile ilikaa kimya miaka mingi hadi mwaka 2008 ilipoenea kwenye intaneti na kutazamwa na mamilioni ya watu. Adamson mwenyewe aliuawa kwa risasi Kora mwaka 1989, na amezikwa huko huko. Harrods ilifunga idara yake ya wanyama mwaka 2014. Siku za mwisho ilikuwa imebaki na mbwa, paka na vitu vya mbwa na paka.

Kwa haraka: duka la vyakula la Fortnum & Mason, London, lilianzishwa mwaka 1707, na inasimuliwa kwamba William Fortnum, mtumishi wa ikulu ya Malkia Anne, alipata mtaji kwa kuuza vipande vya mishumaa. Malkia alitaka mishumaa mipya kila usiku. Masalio yakawa ya mtumishi. Na Milan, kwenye jengo la maduka la Galleria Vittorio Emanuele II, utakuta watu wazima wenye suti wakizungukia kisigino juu ya picha ya fahali sakafuni, ati waletewe bahati. Giuseppe Mengoni, aliyelisanifu jengo hilo, hakuwa nayo: alianguka kutoka juu yake akafa, Desemba 1877.

Je, wajua kwamba moja ya maduka makubwa ya vitabu London lilianza kwa kufeli mtihani? Ndugu wawili, William na Gilbert Foyle, walishindwa mtihani wa kuingia utumishi wa serikali, wakatangaza kuuza vitabu vyao vya kusomea. Barua za wanunuzi zikawa nyingi kuliko vitabu. Mwaka 1903 wakawa wamekuwa wafanyabiashara. Foyles ya Charing Cross Road baadaye ikaangukia mikononi mwa Christina, binti wa William, na chini yake duka likawa kituko cha mji. Ukitaka kitabu ulipanga foleni upewe hati, ukapanga ya pili ulipie kwa keshia, ukapanga ya tatu uchukue kitabu chako. Vitabu vilipangwa kwa jina la mchapishaji, kana kwamba kuna msomaji anayekwenda dukani akiwa na hamu ya mchapishaji. Alipofariki mwaka 1999, mtindo huo ukazikwa. Nani alijua ofisi za kwetu za miaka ya nyuma zilikuwa na tawi London?

Tukiwa bado kwenye vitabu. Lisbon kuna Livraria Bertrand, iliyoanza mwaka 1732 na inayotambuliwa na Guinness kuwa duka la vitabu kongwe zaidi ambalo bado linafanya kazi. Tetemeko la mwaka 1755 liliangusha sehemu kubwa ya mji pamoja na duka lenyewe. Likahama, likarudi mtaa wa Chiado mwaka 1773. Ukinunua, waombe wakupigie muhuri ndani ya kitabu.

Buenos Aires kuna El Ateneo Grand Splendid. Ilifunguliwa mwaka 1919 ikiwa ukumbi wa michezo ya kuigiza, ikawa sinema, na tangu mwaka 2000 ni duka la vitabu. Hawakubomoa kitu: dari iliyochorwa ipo, mapazia mekundu yapo jukwaani, na penye jukwaa wanauza kahawa. Vile vyumba vya pembeni walimokaa matajiri sasa unakaa wewe, unasoma kitabu ambacho hujakilipia. Kama ningelazimika kuchagua duka moja tu katika orodha hii, ni hili.

Tokyo, mtaa wa Jimbocho una maduka ya vitabu zaidi ya mia moja, mengi ya vitabu vilivyokwishasomwa. Simama barabara ya Yasukuni utazame: karibu yote yamejipanga upande wa kusini wa barabara, milango ikielekea kaskazini. Ni kwa ajili ya jua. Likiingia moja kwa moja, jalada linapauka na karatasi zinageuka manjano.

Na yule Boucicaut wa mwanzo angeshangaa kufika Porto. Livraria Lello, duka la mwaka 1906 lenye ngazi nyekundu zinazojipinda, lilizidiwa na watalii wanaopiga picha bila kununua, na mwaka 2015 likaanza kutoza kiingilio. Ukinunua kitabu, pesa ya tiketi inakatwa kwenye bei. Wengi waliofurika walisikia kwamba J.K. Rowling, aliyewahi kufundisha Kiingereza mjini humo, alilichukua duka hilo kuwa mfano wa shule ya Harry Potter. Mwaka 2020 mwenyewe alisema hajawahi kukanyaga ndani. Foleni haikupungua.

Turudi nyumbani kidogo. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Wengi tumepita chini ya ile miavuli ya zege bila kuinua macho: imefunguka kuelekea juu ili ikinge maji ya mvua na kuyateremsha hadi kwenye tangi chini ya ardhi, huku soko likipata kivuli na hewa. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, likaingia kwenye ukarabati mkubwa. Mgeni akikuuliza Dar es Salaam ina jengo gani la kutazama, anza na hilo kabla ya vioo vya Posta.

Mombasa, Biashara Street, duka la Kaderdina Hajee Essak linauza kanga tangu mwaka 1887. Jina hilo huenda hulijui. "Mali ya Abdulla" lililochapwa pembezoni mwa kanga zake unalijua. Chagua doti yako, mpelekee fundi wa cherehani akukatie na kupinda, na shingo ipumzike: huko kusoma majina yote ya kanga ukutani kunaruhusiwa.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Hong Kong wanalijua jengo la Chungking Mansions, Nathan Road. Lilimalizika mwaka 1961, lina ghorofa 17, nyumba za wageni za bei nafuu juu, vibanda vya simu na mikahawa ya Kihindi chini. Mwanaanthropolojia Gordon Mathews, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 2011, alikadiria kwamba huenda hadi simu moja kati ya tano zilizotumika Afrika kusini mwa Sahara katika miaka aliyofanya utafiti zilipitia jengo hilo moja. Simu yako ya kwanza ya kubofya inawezekana imelala huko usiku kadhaa.

Dubai, soko la dhahabu la Deira, kuna pete yenye uzito wa karibu kilo 64 iliyowekwa dirishani. Hakuna kidole chake. Ni ya kupigia picha. Kwa zile zenye vidole, kumbuka kwamba dhahabu inauzwa kwa uzito na kwa bei ya siku, kwa hiyo usipoteze pumzi kuvutana juu ya dhahabu. Vutana juu ya ujira wa sonara.

Istanbul ndiko wengi wetu tunakounganishia ndege. Soko lake kuu lenye paa, Kapalıçarşı, lilianza kujengwa mwaka 1455, miaka miwili baada ya Sultani Mehmed wa Pili kuuteka mji, na kodi za maduka zikawekwa wakfu kwa ajili ya Hagia Sophia. Leo lina njia kama 60 na maduka yapatayo 4,000. Jumapili linafungwa. Ndege ikikushusha siku hiyo, shuka hadi Eminönü kwenye soko la viungo, karibu na Msikiti Mpya, kisha uliza duka la Hacı Bekir. Wanauza lokum, peremende laini za Kituruki, tangu mwaka 1777, na kuna tawi hatua chache tu kutoka hapo.