Kutoka Mpemba, Lusaka ni Karibu Sawa na Dar

Ukisimama Mpemba, kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, uko karibu katikati: Dar es Salaam ni kilomita mia tisa na kitu, Lusaka kama 1,000. Barabara inayochepuka hapo kwenda Isongole inakuvusha Malawi, na Mzuzu, kwenye chuo kikuu kilichoanzishwa 1997, hakufiki nusu ya safari ya Dar. Hata hivyo mzazi wa hapa akisikia "kusoma nje" huwaza ndege na Ulaya, akapiga hesabu, akakata tamaa.

Tuanze na njia ya kwanza, ya mtoto anayejiunga moja kwa moja na Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, au Copperbelt, Kitwe. Nauli ya basi kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, si ya kutisha. Kinachouma ni ada. Itifaki ya SADC ya Elimu na Mafunzo ya 1997 iliahidi kwamba wanafunzi wa nchi wanachama watahesabiwa kama wenyeji kwenye ada na malazi, na kwamba vyuo vitawatengea angalau asilimia 5 ya nafasi. Kwa hiyo usiridhike na ada unayosimuliwa stendi. Dai karatasi inayosema Mtanzania analipa kiasi gani, na kwa kwacha au kwa dola. Ongeza kibali cha kusoma, bima, na cheti cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) cha kutokuwa na pingamizi. Bumu usilitegemee, maana mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu umekusudiwa hasa vyuo vya ndani.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda: mtoto anabaki mwanafunzi wa chuo cha Mbeya, kilomita kama mia moja kutoka nyumbani, kisha anakwenda nje muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana. Analipa ada Mbeya, na chuo kinachompokea hakimdai, kwa sababu nacho kinaleta wake. Vinavyobaki ni nauli, chumba na chakula. Ulaya, mpango wa Erasmus+ humpa anayechaguliwa kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi, pamoja na fedha ya safari.

Lakini hati ya makubaliano kati ya vyuo peke yake haimsafirishi mtu. Nyingi zinazungumzia utafiti tu. Unaotakiwa ni mkataba wa kubadilishana wanafunzi, wenye kifungu cha kusamehe ada na kingine cha kuhamisha krediti. Hapa kwenye krediti ndipo watoto wetu huumia. Krediti 1 ya Tanzania ni saa 10 za kazi. Ya Ulaya ni saa 25 hadi 30. Anayerudi na 30 za Ulaya amemaliza muhula mzima, ingawa kwetu muhula ni 60. Lazima hilo liandikwe na kusainiwa kabla hajaondoka, la sivyo anaweza kurudia masomo na kulipa ada ya muhula mwingine.

Watu wa Mbeya si wageni wa kushirikiana na vyuo vya nje: kituo cha utafiti wa tiba cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimefanya kazi na chuo kikuu cha Munich, Ujerumani, tangu miaka ya 1990. Natamani vyuo vyetu vifunge mikataba ya kubadilishana wanafunzi na Mzuzu na Lusaka pia, ambako mtoto anafika kwa basi.

Mzazi, kabla ya kulipa ada ya mwaka wa kwanza, panda gari uende chuoni Mbeya mwenyewe. Omba kuoneshwa kifungu cha ada, uulize mwaka jana walikwenda wangapi, na krediti zao ziliandikwaje waliporudi.