Ufufuaji wa Max Payne

Ufufuaji wa Max Payne ni kazi ya kutengeneza upya michezo miwili ya kwanza ya mfululizo wa michezo ya video uitwao *Max Payne*, iliyotoka mwaka 2001 na mwaka 2003. Kazi hiyo ilitangazwa tarehe 6 Aprili 2022 na kampuni ya Remedy Entertainment ya Ufini, iliyobuni mfululizo huo, kwa makubaliano na Rockstar Games ya Marekani. Michezo hiyo miwili inaunganishwa kuwa mmoja kwa ajili ya kompyuta na mashine za PlayStation 5 na Xbox Series X na S.

Max Payne ni mfano mzuri wa kueleza jinsi mchezo wa zamani unavyofufuliwa, kwa sababu unagusa maswali yote makuu ya kazi hiyo: nani ana haki ya kuufufua, kipi kimeharibika, kipi kibadilishwe na kipi kisiguswe.

## Aina ya mchezo

Max Payne ni mchezo wa kufyatua risasi kwa mtazamo wa nafsi ya tatu. Jina hilo limetokana na sarufi. Katika mchezo wa nafsi ya kwanza, mchezaji huona kwa macho ya mhusika, na mara nyingi mikono na silaha tu ndiyo huonekana kwenye skrini. Katika nafsi ya tatu, kamera hukaa nyuma ya mhusika, hivyo mchezaji humwona mwili mzima akikimbia, akiruka na kujificha.

Tofauti hiyo ina maana kubwa katika Max Payne, kwa sababu sehemu kubwa ya utamu wa mchezo ni kumtazama mhusika mwenyewe akijirusha hewani huku akifyatua bastola mbili.

## Historia ya mfululizo

Remedy ilianzishwa nchini Ufini mwaka 1995, na mchezo wake wa kwanza ulikuwa wa mbio za magari, *Death Rally* (1996). Max Payne ulitoka kwa kompyuta mwezi Julai 2001. Kampuni ya 3D Realms ilishiriki kama mtayarishaji, na Gathering of Developers ilikuwa mchapishaji. Matoleo ya PlayStation 2 na Xbox yalifuata mwishoni mwa mwaka huohuo.

Hadithi yake inatokea katika jiji la New York wakati wa dhoruba kali ya theluji. Max Payne ni askari polisi ambaye mke wake na mtoto wao mchanga wameuawa na watu waliotumia dawa ya kulevya iitwayo Valkyr. Anajipenyeza katika kundi la wahalifu, kisha anasingiziwa mauaji na kubaki akiwindwa na polisi na wahalifu kwa pamoja.

Mtunzi wa hadithi hiyo ni Sam Lake. Kwa kuwa kampuni ilikuwa ndogo, wafanyakazi, jamaa na marafiki zao walipigwa picha ili kuwa sura za wahusika. Sura ya Max ni ya Lake mwenyewe, na mama yake mzazi alitoa sura ya mhusika Nicole Horne. Sauti ya Max ilitolewa na mwigizaji wa Marekani James McCaffrey.

Mwaka 2002 haki miliki za Max Payne ziliuzwa kwa kampuni ya Take-Two Interactive, ambayo pia ndiyo kampuni mama ya Rockstar Games. Remedy ilitengeneza mchezo wa pili, *Max Payne 2: The Fall of Max Payne*, uliotoka Oktoba 2003. Wahakiki waliusifu, lakini mauzo hayakufikia matarajio ya mchapishaji. Mchezo wa tatu, *Max Payne 3*, ulitengenezwa na Rockstar yenyewe na kutoka Mei 2012. Sehemu kubwa ya hadithi yake inatokea São Paulo, Brazili.

## Sifa za mchezo wa awali

Kuna mambo manne yaliyoutofautisha Max Payne na michezo mingine ya wakati wake.

La kwanza ni mwendo wa polepole. Mchezaji akibonyeza kitufe, kila kitu hupungua kasi, lakini bado anaweza kulenga shabaha kwa haraka. Muda huo hupimwa kwa alama ya shisha ya mchanga, na huongezeka kila adui anapouawa. Mtindo huu ulifanana na filamu za mapigano za Hong Kong na filamu ya *The Matrix* ya mwaka 1999. Ili uwe na maana, kila risasi ilitengenezwa kama kitu kamili kinachosafiri angani. Katika michezo mingi ya wakati huo, kompyuta ilikata hesabu papo hapo kama shabaha imepigwa au la. Katika Max Payne, risasi huchukua muda kufika, kwa hiyo mchezaji anaweza kuiona na kuikwepa.

La pili ni afya. Max hawezi kupona kwa kupumzika. Hupona kwa kumeza vidonge vya kutuliza maumivu anavyookota njiani, na vikiisha hana namna.

La tatu ni usimulizi. Badala ya vipande vya filamu, hadithi inaelezwa kwa kurasa za katuni zenye picha tuli na maneno, huku sauti ya Max ikisimulia kwa majonzi na kejeli.

La nne ni ugumu unaojirekebisha. Katika kiwango cha kawaida, mchezo hupima uwezo wa mchezaji na kumpunguzia au kumwongezea ugumu bila kumwambia.

## Sababu za kufufuliwa

Kitabu kilichochapishwa mwaka 2001 kinaweza kusomwa leo bila kifaa chochote. Mchezo wa video hauko hivyo. Huandikwa kwa ajili ya mashine na mfumo wa uendeshaji wa wakati wake, na mashine hizo zikiondoka sokoni, mchezo hubaki bila mahali pa kuchezwa.

Max Payne bado unauzwa kwa kompyuta kupitia intaneti, lakini unaposakinishwa kwenye mashine za sasa huleta matatizo. Katika kompyuta nyingi muziki au sauti hazisikiki. Picha ilipangwa kwa ajili ya skrini za umbo la zamani, ambazo upana wake hauzidi sana kimo, hivyo kwenye skrini pana za leo huvutika au kukatwa. Wapenzi wa mchezo wameandika programu ndogo za kurekebisha kasoro hizo kwa kujitolea. Bila kazi yao wachezaji wengi wapya wangekata tamaa mapema.

Sababu ya pili ni mazoea ya wachezaji. Tangu *Gears of War* ulipotoka mwaka 2006, michezo mingi ya nafsi ya tatu imemfundisha mchezaji kujibanza nyuma ya ukuta, kusubiri majeraha yapone yenyewe, kisha kuchungulia na kufyatua. Mchezaji aliyezoea hivyo akiingia Max Payne na kujibanza, hatapona. Mchezo unamtaka aruke mbele.

## Njia za kufufua mchezo

Kwa kawaida kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusafisha: mchezo unabaki uleule, ila picha na sauti huongezewa ubora na kasoro za mashine mpya huondolewa. Mfano ni *Tomb Raider I–III Remastered* wa mwaka 2024, unaomruhusu mchezaji kubadili kati ya picha mpya na za zamani kwa kubonyeza kitufe.

Njia ya pili ni kutengeneza upya kuanzia msingi. Hapa ramani, wahusika na mwendo wote hujengwa tena, na mchezo wa awali huwa kama mchoro wa kufuata. Njia hii ni ghali zaidi, na hatari yake ni kubwa zaidi, kwa sababu kila kitu kinachojengwa tena kinaweza kubadilika bila kukusudiwa.

Michezo miwili ya mwaka 2023 inaonyesha jinsi maamuzi hayo yanavyofanyika. *Resident Evil 4* wa mwaka 2005 ulimlazimu mhusika Leon kusimama kabisa kila alipolenga silaha. Toleo jipya linamruhusu kutembea huku akilenga, lakini maadui nao wamepewa kasi na ukali zaidi ili hofu isipungue. *Dead Space* wa mwaka 2008 ulikuwa na mhusika asiyesema neno. Katika toleo jipya Isaac anazungumza, na chombo chake cha anga kimeunganishwa kuwa eneo moja linalopitika lote. Hata hivyo, mbinu ya kukata viungo vya maadui, ambayo ndiyo kiini cha mchezo huo, haikuguswa.

Funzo la mifano hiyo ni kwamba usumbufu unaotokana na udhaifu wa mashine za zamani unaweza kuondolewa, lakini ugumu uliowekwa kwa makusudi unapaswa kulindwa au kupewa badala yake.

## Makubaliano ya 2022

Kwa kuwa Remedy ilikwisha kupoteza haki miliki, haikuweza kugusa Max Payne bila ridhaa. Kwa mujibu wa makubaliano yaliyotangazwa, Rockstar inagharimia kazi yote na Remedy inaitekeleza. Remedy itapata mrabaha baada ya Rockstar kurudisha gharama za utengenezaji na utangazaji. Bajeti ilielezwa kuwa sawa na ya mchezo mkubwa wa kawaida wa Remedy.

Injini inayotumika ni Northlight, mali ya Remedy, iliyotumika pia katika *Quantum Break* (2016), *Control* (2019) na *Alan Wake 2* (2023). Injini ya mchezo ni programu ya msingi inayoendesha picha, mwendo, mwanga na sauti. Mwaka 2024 kampuni ilieleza kuwa kazi imeingia katika hatua ya utengenezaji kamili.

## Maswali yanayoikabili kazi hii

Swali zito zaidi ni la sauti. James McCaffrey alifariki dunia tarehe 17 Desemba 2023, kabla mchezo mpya haujatoka. Alikuwa sauti ya Max katika michezo yote mitatu, na kwa wachezaji wengi mhusika na sauti hiyo havitengani. Katika kazi ya namna hii, rekodi za zamani zinaweza kusafishwa na kutumika tena, lakini haziruhusu sentensi mpya. Mwigizaji mwingine anaweza kusema lolote, lakini hawezi kuwa yuleyule.

Swali la pili ni la kuunganisha michezo miwili isiyolingana. Wa kwanza ni hadithi ya kisasi. Wa pili ni hadithi ya mapenzi kati ya Max na Mona Sax, ambaye mchezaji humwongoza katika baadhi ya sura. Hata sura ya Max si moja: katika mchezo wa pili Lake alimwachia nafasi mwigizaji Timothy Gibbs.

Swali la tatu linahusu sehemu ambazo hata wapenzi wa mchezo walizilalamikia. Katika ndoto mbaya za mchezo wa kwanza, Max hutembea gizani juu ya michirizi myembamba ya damu huku akisikia kilio cha mtoto, na akiteleza huanza tena. Wachezaji wengi waliziona zinachosha. Lakini ndizo zinazoonyesha huzuni ya mtu aliyepoteza familia, na zikiondolewa kabisa, Max atabaki kuwa mtu mwenye bastola mbili tu.