Albadiri Haikamati Mwizi

Kila wezi wanapoingia mashamba ya iliki huku Amani, Muheza, swali linalonifikia ni lile lile: "Mwanasheria, nifungue kesi au nikasome albadiri?" Nimelijibu kwa upole vya kutosha. Anayeuliza hivyo ameshaamua. Kwangu anatafuta baraka tu, na sina ya kumpa.

Uchungu wake naujua. Iliki huchumwa kwa mkono, punje kwa punje, kwenye miteremko yenye utelezi. Ukikuta vikonyo vya chini ya mashina vimenyofolewa usiku mmoja pamoja na punje changa, lazima ukasirike. Kutaka mali irudi, ukweli ujulikane na mkosaji awajibike ni kutaka haki. Ila humo humo hupenya hamu ya kumwona mtu akiteseka, na albadiri, kile kisomo cha kumwombea mwizi balaa, hulisha hamu hiyo peke yake.

Tazameni inavyokwenda. Ubani unafukizwa, majina ya watu wa Badri yanasomwa, mwizi anaombewa balaa, habari inatembea kijiji kizima. Mara nyingine mali hurudi, kwa kuwa mwizi ni jirani na ameogopa. Hilo sikatai. Isiporudi, kijiji kinaanza kungoja mgonjwa, na hakuna kijiji kinachomaliza mwaka bila mtu kupooza, kuvimba tumbo au kurukwa na akili. Akipatikana, hukumu imetoka: "Albadiri imemkamata." Hakuulizwa, hakujitetea, hakuonyeshwa ushahidi. Mwizi mwenyewe, mzima wa afya, yuko barazani anaitikia na wenzake. Waliosomewa wakabaki wazima hakuna anayewahesabu.

Madhara yanaendelea. Mgonjwa wa ini aliyevimba tumbo anafichwa ndani kwa aibu badala ya kupelekwa hospitali ya Teule Muheza au ya Bombo. Wanawe wanaitwa watoto wa mwizi. Akifa, watu wanaona kifo chake ni ushahidi.

Na msiniambie hii ndiyo dini. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, yaani 624 Miladia, sira zinasimulia kwamba mateka wengi waliachiwa kwa fidia, na wasio na mali waliojua kuandika waliachiwa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Majina ya Waislamu walioshinda vita hivyo ndiyo tunayoyatumia kumwombea jirani tumbo livimbe! Masheikh wengi wanaikataa albadiri, waulizeni.

Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Ibara ya 107A inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa waliodhulumiwa na zikuze usuluhishi. Kisomo hakikupi hata kimoja kati ya hivyo.

Basi fanya hivi. Usisafishe shamba: piga picha, mwite mwenyekiti wa kitongoji aone, andika kilichoibwa na thamani yake. Nenda polisi siku hiyo hiyo, uchukue namba ya taarifa yako (RB). Ulizia nani ameuza iliki mbichi wiki ile. Kesi ikifika Mahakama ya Mwanzo, omba fidia mshitakiwa anapotiwa hatiani; usingoje hakimu akumbuke. Akiachiwa huru nawe hukuridhika, mlalamikaji una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Kama chanzo ni ugomvi wa mpaka, uanzie Baraza la Kata lisuluhishe. Huna pesa? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma kwa wasio na uwezo ni bure. Mkimshika mtu, msimpige: akifa, kila aliyeshiriki anaweza kushitakiwa kwa mauaji ya kukusudia, na adhabu yake ni kunyongwa.

Njia hii ni ndefu, na mara nyingine mwizi hapatikani. Inauma. Lakini iliki iliyopotea ni dhuluma uliyofanyiwa wewe. Ukimtwisha lawama mgonjwa asiye na hatia, dhuluma zimekuwa mbili, na ya pili umeifanya mwenyewe.