Makopo ya Soda na Chumvi ya Mhunzi

Tangu zama za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, haikuwa kituo cha pembe na wapagazi tu, bali pia soko la majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Kinyamwezi; na mwaka 1916, manowari za Kiingereza zilipokwisha kuziba bahari hata sarafu zisifike kutoka Ujerumani, Wadachi walizipiga papa hapa Tabora, katika karakana ya reli, wakiyeyusha maganda ya risasi kufanya heller za shaba zenye herufi T. Basi kopo la soda lililotupwa mtaroni Mtendeni nalo lastahili jicho la mhunzi, maadamu kuliyeyusha upya kwahitaji takriban sehemu moja tu katika ishirini ya nguvu itumikayo kuitoa alumini katika mawe yake.

Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 hivi, joto ambalo mkaa uliovuviwa vema hulifikia. Tabu haiko katika moto, iko katika utando: kila iguswapo na hewa, alumini hujivika oksidi isiyoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 2,000, na kwa kuwa kopo ni jembamba mno, utando huo huwa mwingi kuliko kiasi, hata matone yakafungika kila moja peke yake, yakakataa kuungana, na fundi akikoroga hupata uji wa kijivu, mavi mengi na madini haba.

Hapo ndipo ilipo kazi ya chumvi. Chumvi ya mezani ikichanganywa na kloridi ya potasiamu huyeyuka kwa joto lililo karibu na la alumini yenyewe, ikatanda juu na kuizuia hewa. Na ikitiwa floridi kidogo, kama kriolaiti, huupasua utando, matone yakakutana na kushuka, takataka zikabaki juu zienguliwe. Fundi hodari huyachoma makopo kwanza rangi iishe, huyaponda, kisha huyazamisha ndani ya madini yaliyokwisha yeyuka.

Hadhari kubwa ni maji, kwani chumvi hufyonza unyevu, na tone moja likizama chini ya alumini hugeuka mvuke ghafula na kuirusha usoni. Moshi wa floridi nao hudhuru mapafu. Si kazi ya uani penye watoto.

Aghalabu madini haya huishia kuwa sufuria, na hapo nasisitiza makopo yasichanganywe na vyuma vya kila namna: utafiti wa Kameruni uliotangazwa mwaka 2014 ulikuta sufuria za vyuma chakavu zikitoa madini ya risasi, yaliyo sumu kwa akili za watoto, yawezayo kuingia katika chakula.