Uuguzi: Tuulize Kabla ya Kulipa Karo



Kijana wetu mwenye diploma ya uuguzi aweza kuomba shahada kwa njia fupi. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzisha masomo ya namna hiyo Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 2000, muuguzi asome bila kuacha kazi.

Lakini shahada pekee si ruhusa ya kazi. Leseni hutolewa na baraza la wauguzi la kila nchi. Aliyesomea Uganda, akitaka kazi ng'ambo ya mpaka, sharti asajiliwe na Baraza la Wauguzi la Kenya.

Basi, kabla hatujauza ng'ombe, tuliulize baraza: je, chuo hiki na kozi hii vinatambuliwa? Jibu tulidai kwa maandishi.