Kuzidisha mapigo ya prosesa: 'kwa' si 'hadi', na nukta tano si nukta sifuri tano

KIJANA mmoja anayehariri video za harusi katika ploti moja hapa Kimbo aliniuliza majuzi: "Prof, nikiovakloki hii mashine yangu, itachomeka?" Swali fupi, lakini lina vitenzi viwili ambavyo vyote vinahitaji kuchunguzwa kabla mtu hajagusa bisibisi. Mimi ni mtu wa isimu, si fundi. Hata hivyo, nimeshughulika na istilahi za kompyuta kwa muda mrefu, na huwezi kukipa kitu jina kama hujui kinavyofanya kazi.

Nianze na hicho cha pili. Huku kwetu, kuanzia Ruiru hadi Thika, kitu "kikichomeka" kimeungua. Mwambie fundi wa Dar es Salaam kwamba prosesa yako imechomeka, naye anaweza kukuelewa vingine kabisa, kwamba imeingia vizuri mahali pake. Kwake yeye, kuchomeka ni kuingiza: unachomeka waya ukutani, unachomeka shati ndani ya suruali. Matumizi yote mawili yapo katika Kiswahili, wala simlaumu kijana wangu. Ila katika maelezo ya kiufundi ningependelea "kuungua" kwa maana ya moto, na "kuchomeka" tukiachie waya. Mtu anayesoma maelekezo akiwa na prosesa ya maelfu ya shilingi mkononi hafai kubahatisha.

Sasa hicho cha kwanza. "Kuovakloki" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Sina ugomvi na mkopo. Tumekopa "kompyuta" na "prosesa", na wale wanaosema "tarakilishi" na wale wanaosema "kompyuta" wanaelewana bila mkalimani. Taabu ya neno hili ni kwamba halimwelezi mwanagenzi anachokwenda kufanya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice, na watu wakazoea kuona maneno ya lugha yao kwenye skrini. Lakini hayo ni mambo ya mezani: faili, kuhariri, kuchapisha. Ukishafungua kasha la kompyuta, Kiswahili chetu kinaanza kukata tamaa.

Na hakuna sababu. Ndani ya kompyuta kuna "saa", ambayo haionyeshi wakati bali hupiga, kama mpiga ngoma anayewapa wachezaji mwendo. Kila pigo, prosesa husogeza kazi hatua moja. Neno "mapigo" tayari tunalo, kwa moyo na kwa ngoma. Prosesa ya gigahezi 4 hupigiwa mapigo bilioni 4 kwa sekunde. Namba hiyo hupatikana kwa hesabu ya shule ya msingi: mapigo ya msingi, ambayo katika kompyuta nyingi za siku hizi ni milioni 100 kwa sekunde, yanazidishwa kwa namba fulani. Milioni 100 mara 40 ni bilioni 4. Hiyo 40 nitaiita kizidishi. Ukiifanya 42, umepata gigahezi 4.2.

Tazama Kiswahili kinavyotusaidia hapa. "Kuzidisha" ni tendo la hesabu, na pia ni kupita kiasi, kama tunavyosema mtu amezidisha chumvi. Maana zote mbili zimo katika jambo hili. Ndiyo maana napendekeza "kuzidisha mapigo". Neno lenyewe linabeba onyo lake.

Kisa maarufu zaidi cha uzidishaji huu ni cha mwaka 1998. Intel iliuza prosesa ya bei nafuu iliyoitwa Celeron 300A. Kizidishi chake, 4.5, kilikuwa kimefungwa, lakini mapigo ya msingi yangeweza kupandishwa kwenye ubao mama kutoka milioni 66 na ushei hadi 100. Piga hesabu: badala ya megahezi 300, ilikwenda 450. Nusu zaidi ya kasi, bure. Nyingi zilistahimili, na vijana wengi duniani walijifunza mchezo huu kutokana na kifaa hicho.

Siku hizo zimepita, na hapa mwanagenzi aelewe vizuri. Tangu mwaka 2008 Intel imekuwa ikiweka katika prosesa zake uwezo wa kujiongezea kasi zenyewe kazi inapozidi na joto linaporuhusu, na AMD hufanya vivyo hivyo. Akiba iliyobaki kwa mwenye mashine ni ndogo. Tuseme umetoka gigahezi 4 hadi 4.4, na hilo si haba. Video iliyokuwa ikichukua dakika 60 kutolewa itachukua kama dakika 55. Je, dakika 5 zinakufaa? Kwa mtu mwenye harusi tatu za kumaliza kabla ya Jumatatu, pengine. Kwa anayeandika barua, hapana.

Tena si kila mashine inaruhusu. Kwa upande wa Intel, kwa kawaida unahitaji prosesa ambayo jina lake lina herufi K, pamoja na ubao mama wa kundi la Z. Kwa AMD, karibu Ryzen zote za mezani zimefunguliwa, lakini ubao uwe wa kundi la B au X, si wale wa bei ya chini wa kundi la A. Sasa nenda ukaangalie kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mjini Nairobi, zile zilizotumika katika ofisi za ughaibuni kabla ya kuletwa huku. Nyingi ni za Dell au HP za maofisini, kizidishi kimefungwa na ubao hauna mahali pa kukibadilisha. Kama yako ni ya namna hiyo, usipoteze usiku wako. Toa vumbi kwenye feni, futa pesti kavu iliyo kati ya prosesa na kipoza joto upake mpya, ongeza kumbukumbu, na uweke diski ya SSD kama bado una ile ya kuzunguka. Utaona tofauti kubwa kuliko ambayo kizidishi chochote kingekupa.

Tuseme yako imefunguliwa. Adui si kasi yenyewe. Adui ni volti, na rafiki yake joto. Kwa kukadiria, joto ambalo prosesa huzalisha kwa kazi hufuata kasi mara volti mara volti. Angalia, volti inahesabiwa mara mbili. Ukipandisha kasi kutoka gigahezi 4 hadi 4.4, hiyo ni asilimia 10. Ukilazimika kupandisha volti kutoka 1.20 hadi 1.30, hiyo ni kama asilimia 8. Lakini joto halipandi kwa 18. Linapanda kwa karibu asilimia 29. Prosesa iliyokuwa ikitoa wati 90 sasa inatoa 116, na kipoza joto ni kilekile. Wazee walisema ngoma ikilia sana hupasuka.

Na si utani. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikubali kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipelekewa volti za juu kupita kiasi na kuharibika polepole. Ilitoa marekebisho, ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Hao ni wenyewe waliozitengeneza. Wewe ukipandisha volti kwa mkono wako, hesabu kwamba dhamana umeiaga.

Hapa ndipo lugha inapogeuka kuwa suala la usalama, na ndipo nilipotaka kufika. Nimewasikia vijana wakielekezana kwa simu: "Ongeza volti moja nukta tano." Alichokusudia msemaji ni 1.05. Alichosikia mwenzake ni 1.5. Kwa prosesa za kisasa, 1.5 inayowekwa iwe palepale mfululizo, kazi ikiwa nzito, ni njia ya mkato ya kuiua. Sifuri iliyomezwa mdomoni ndiyo iliyobeba maana yote. Baada ya nukta, tutaje tarakimu mojamoja, zote, bila kuruka: "moja nukta sifuri tano", "moja nukta mbili tano". Usiseme "moja nukta ishirini na tano" pia, maana atakayesikia ataidhani kubwa kuliko "moja nukta tatu", na kumbe ni ndogo.

Kosa la pili ni la viunganishi. "Ongeza kwa" na "ongeza hadi" ni mbingu na ardhi. Kuongeza kwa 0.02 ni kuchukua ulichokuwa nacho na kukijazia kidogo. Kuongeza hadi 1.22 ni kutaja kituo. Katika mazungumzo ya kawaida tunaangusha kiunganishi, tunasema "ongeza mbili", na muktadha unatuokoa. Kwenye skrini ya BIOS hakuna muktadha. Kuna visanduku vinavyotaka kituo na vingine vinavyotaka nyongeza tu, na vinaweza kukaa ukurasa mmoja. Mwanagenzi ajiulize kila mara: hapa naambiwa kwa, ama hadi?

Utaratibu wenyewe ni wa subira. Nakili kwanza faili zako muhimu mahali pengine, hasa video za wateja. Kisha ijue mashine ilivyo kabla ya kuigusa: endesha kazi nzito kwa nusu saa, huku programu kama HWiNFO ikikuonyesha halijoto. (Halijoto imepanda, joto limepanda, si "joto imepanda".) Ikiwa tayari inafika nyuzi 90 bila kuguswa, huna nafasi ya kuzidisha chochote, tengeneza upozaji kwanza. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zenyewe karibu na nyuzi 100, na Ryzen za karibuni kwenye 95, kwa hivyo ukiishi ukingoni hapo umezidisha mapigo kwa jina tu. Mimi ningemshauri anayeanza abaki chini ya 85 akiwa kwenye kazi nzito.

Ingia BIOS. Piga picha kwa simu kila ukurasa ulivyo. Pandisha kizidishi kwa 1 tu, volti usiiguse, washa, pima kwa dakika 15 hivi. Ikisimama imara, panda tena kwa 1. Mahali pataonekana: mashine itaganda, au itajizima na kuwaka. Hapo una njia mbili. Rudi hatua moja na utulie. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa mwanagenzi. Au ongeza volti kwa 0.01 au 0.02, pima upya, na usivuke kikomo kinachotajwa na mtengenezaji kwa prosesa yako hasa, si ya rafiki yako. Prosesa mbili za jina moja hazilingani uvumilivu, kama ndugu wa tumbo moja. Na usibadilishe kasi ya kumbukumbu siku hiyohiyo. Ikianguka hutajua nani kaiangusha.

Dakika 15 zinatosha kwa hatua za kati, si kwa uamuzi wa mwisho. Mwishoni iache ifanye kazi ngumu saa kadhaa. Wengi hutumia Prime95, programu iliyotokana na mradi wa kutafuta namba tasa kubwa mno. Uzuri wake ni kwamba hukagua majibu yake, kwa hivyo hesabu ikikosewa inakwambia. Hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Prosesa iliyozidishwa kupita uwezo haigandi kila mara. Wakati mwingine inakosea kimyakimya, ikaandika faili mbovu, na wewe ukaigundua siku bwana harusi anapokuja kuchukua kazi yake. Mashine iliyoganda ni afadhali. Hiyo angalau imesema.

Mambo ya kwetu sasa. Stima yetu hukatika na kurudi kwa kishindo, kwa hivyo usifanye kazi hii, na zaidi ya yote usisasishe BIOS, bila UPS. Vumbi la huku, hasa ukikaa karibu na barabara ya murram, hujaza feni haraka, na halijoto uliyopima leo si ya baada ya miezi mitatu. Tena Julai ya Kimbo ni baridi. Chumba kikiwa na nyuzi 16 na prosesa ikasoma 80, chumba hichohicho mchana wa Februari kikiwa na 28, hesabu nyuzi 92 au karibu hapo, kwa sababu joto la chumba hujijumlisha juu ya lile la prosesa. Aliye Mombasa afanye hesabu hiyo akianzia 30.

Na ikikataa kuwaka kabisa, usiite mtu usiku. Zima, chomoa waya ukutani, fungua kasha, tafuta kwenye ubao mama betri ya duara, bapa, iliyoandikwa CR2032. Itoe, subiri dakika chache, irudishe. Mipangilio yote itarudi ilivyotoka kiwandani, nawe utakuwa na zile picha kwenye simu.